Sikio la Kushoto na Mkojo wa Asubuhi: hotuba kwa wazazi na wauguzi wa Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu, wauguzi mliotoka Micheweni, Konde na Kengeja, walimu wa skuli na wa chuoni, na nyinyi wazazi mliokuja hapa Chake Chake na watoto migongoni, ahsanteni kwa kufika. Tumekusanyika kwa swali ambalo sasa linaulizwa barazani na kwenye simu: eti kuna kifaa kinachobandikwa sikioni, kinatoa umeme mdogo, na mtoto mwenye maradhi ya figo anapata nafuu. Ni kweli? Kinamfaa mwanangu?

Habari hiyo ina ukweli ndani yake. Bado iko kwenye utafiti. Na hakuna mtoto wa kuwekewa kifaa hicho ikiwa mkojo wake haupimwi nyumbani kila asubuhi. Hilo la tatu ndilo lililotutoa majumbani kwetu, na mtatusikia tukilirudia.

Tuanze na maradhi yenyewe. Mtoto wa miaka miwili, mitatu, hadi sita, amelala mzima, anaamka kope zimefura. Mchana uso unashuka kidogo, jioni maji yameteremka miguuni na ndara hazimuingii. Wiki ikipita tumbo limejaa, na kama ni mwanamume hata korodani zimevimba. Nyumbani patasemwa safura, patasemwa macho yanamuwasha, patasemwa kaonwa na watu. Safura ya minyoo ipo na wauguzi wanaijua: mtoto anakuwa mweupe viganjani na ndani ya kope kwa kukosa damu. Huyu wetu viganja vyake mara nyingi vina damu yake vizuri tu. Chake kiko kwenye mkojo. Akikojoa koponi linapanda povu jingi kama la sabuni ya unga, na ukirudi baadaye povu bado lipo.

Madaktari wanaiita sindromu ya nefrotiki. Kila figo ina vichujio vidogo takriban milioni moja, na kila kichujio kimezungukwa na seli zenye vidole vilivyopishana kama ukili wa kifumbu. Kina mama mnakijua kifumbu cha kuchujia tui. Kikiwa kizima, tui linapita, chicha inabaki. Ukili ukilegea, chicha inapita na tui. Chicha ya damu ni protini, na iliyo kubwa katika hiyo ni albumini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuyashika maji yasitoke kwenye mishipa. Albumini ikishuka chini ya gramu 30 kwa lita, maji yanavuja na kujaa chini ya ngozi. Pamoja nayo zinapotea kinga za mwili, ndiyo maana mtoto huyu anaweza kupata usaha tumboni kwa haraka ya kutisha. Zinapotea pia protini zinazozuia damu kuganda. Mtoto aliyevimba akipata homa na tumbo likawa linamuuma, msisubiri kupambazuke.

Dawa ya mwanzo ni predinisoloni, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi tunayoyaona yanaanzia kwenye kipimo. Kipimo ni miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, isizidi 60 kwa jumla, mara moja asubuhi baada ya chakula, kwa wiki 4 hadi 6. Kisha miligramu 40 kwa mita ya mraba, isizidi 40, siku moja anakunywa na siku moja anapumzika, kwa wiki 4 hadi 6 nyingine. Wauguzi, hesabu yake ni hii: zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawa kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili. Mtoto wa sentimita 100 na kilo 16 anatoka na mita ya mraba 0.67. Dawa yake ni miligramu 40, yaani vidonge 8 vya miligramu 5. Ukimpimia kwa uzito peke yake, miligramu 2 kwa kilo, unapata 32, na mtoto mdogo anapungukiwa na kidonge kimoja na nusu kila siku. Na uzito unaotumika ni ule wa kabla hajafura. Mtoto aliyejaa maji anaweza kuonekana na kilo tatu ambazo si zake, basi tazameni kadi yake ya kliniki.

Kabla ya kumuanzishia, apimwe kichocho, aulizwe kikohozi cha muda mrefu na kama nyumbani kuna mgonjwa wa kifua kikuu, na atibiwe minyoo. Kuna mnyoo wa udongoni uitwao strongiloidi, na visiwani kwetu unaishi. Kwa mtoto mzima huenda usionekane kabisa, lakini chini ya predinisoloni ya kipimo kikubwa unaweza kusambaa mwili mzima. Albendazoli ya siku moja inayogawiwa skuli haimalizi mnyoo huo, dawa yake hasa ni ivamektini. Mwambieni daktari mtoto anatokea wapi na kama anatembea pekupeku shambani.

Watoto wengi wanaitikia dawa ndani ya wiki nne. Povu linaondoka, mtoto anakojoa sana siku mbili tatu, uso unarudi. Shida ni kwamba ugonjwa nao unarudi. Kwa wengi unarudi angalau mara moja, na kwa wengine mara mbili ndani ya miezi sita au tatu ndani ya mwaka, na hao ndio tunaosema unawarudia mara kwa mara. Kila unaporudi, predinisoloni inapanda tena. Uso unakuwa duara, njaa haishi, presha inapanda, mifupa inadhoofika, urefu unasimama, macho yanaweza kuingia mtoto wa jicho. Wapo pia wasioitikia kabisa baada ya wiki sita. Hawa wa makundi mawili ndio wanaowafanya watafiti duniani kutafuta njia nyingine, na ndio wazazi wao wanaotupigia simu kuuliza habari za sikio. Tunawaelewa. Kumnywesha mtoto vidonge vinane na kumuona anabadilika sura mbele yako ni jambo zito.

Sasa sikio. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka chini ya ubongo, unashuka shingoni pande zote mbili, unapita moyoni na mapafuni hadi tumboni. Jina lake, vagasi, kwa Kilatini ni mzururaji. Takriban 80 kwa 100 ya nyuzi zake hupeleka habari juu kwenye ubongo, na zilizobaki huleta amri chini. Tawi lake dogo moja linatokeza kwenye ngozi ya sikio. Baadhi yenu mkitia kijiti cha pamba sikioni mnakohoa hapo hapo. Kikohozi hicho ni tawi hilo: limeguswa sikioni, na ubongo umedhani kuna kitu kooni.

Mwaka 2000 kundi la mtafiti Kevin Tracey huko New York lilionyesha kwa panya kwamba mshipa huu ukitiwa umeme, mwili unapunguza kutoa TNF, kemikali inayochochea uvimbe na joto la ugonjwa. Mwaka 2003 likaonyesha kitasa ambacho ujumbe huo unafungua juu ya seli za kinga. Njia yenyewe, kwa ufupi: ujumbe unashuka hadi kwenye bandama, huko seli fulani za kinga zinatoa asetilikolini, nayo inazituliza seli zinazotengeneza TNF. Tangu 1997 Marekani inaruhusu kifaa kinachopandikizwa kifuani, waya wake ukazungushwa kwenye mshipa huu shingoni, kwa ajili ya kifafa. Julai 2025 ikaruhusu kifaa cha kupandikiza kwa baridi yabisi ya viungo. Hivyo vyote vinahitaji upasuaji. Cha sikioni hakikati ngozi, na ndiyo sababu kimevutia wanaotibu watoto.

Utafiti wa figo za watoto uliochapishwa 2022 ulifanyika New York, na tunawaomba mshike idadi yake: watoto 7. Saba tu, wa miaka 4 hadi 17. Watatu walikuwa wanarudiwa mara kwa mara, wanne hawakuitikia predinisoloni. Kila mmoja aliwekewa umeme sikioni dakika 5 kwa siku, wiki 26, kwa mashine ndogo ya TENS, zile zinazotumiwa na watu wa mazoezi ya viungo kutuliza maumivu ya mgongo. Wale watatu ugonjwa haukuwarudia muda wote wa utafiti. Kati ya wale wanne, watatu protini kwenye mkojo wa asubuhi ilipungua kwa wastani wa asilimia 42. Wa nne alikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao. Protini yake ilipungua kidogo lakini ikabaki juu. TNF ilishuka kwa wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa hatumii kifaa kama alivyoelekezwa. Hakuna aliyedhurika.

Ni habari njema, na tunaisema kwa moyo mmoja. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kila mmoja alijua anatiwa umeme. Na ugonjwa huu una tabia ya kulala wenyewe miezi kadhaa bila ya kuambiwa na mtu, basi watoto watatu kukaa miezi sita bila kurudiwa hakutoshi kusema kifaa ndicho kilichofanya. Utafiti wa kulinganisha unahitaji kifaa cha uongo. Kwa kawaida kinawekwa kwenye ndewe, pale penye tundu ya herini, ambapo tawi hili halifiki. Mtoto anasikia mnyeo ule ule, na matokeo yanapimwa bila ya kujua nani kapata kipi.

Tena si kila figo inayovuja ni ya kinga. Mwaka 2022, halafu kwa ukubwa zaidi 2024, watafiti wa Marekani na Ujerumani walionyesha kuwa watoto wengi wenye maradhi haya wana kingamwili zinazoshambulia nefrini, protini inayoshona nafasi kati ya vile vidole vya kifumbu. Kwa watoto hao kuituliza kinga kuna maana, iwe kwa dawa au kwa umeme. Lakini wapo waliozaliwa na hitilafu ya jeni inayotengeneza kifumbu chenyewe. Kwao kinga haina kosa, na kuituliza hakuwezi kuushona ukili ambao haukusukwa tangu mwanzo. Mtoto asiyeitikia dawa anahitaji kipimo cha kipande cha figo kwa sindano, na pale panapowezekana kipimo cha jeni, kabla ya yeyote kuzungumza sikio. Safari hiyo kutoka Pemba mara nyingi ni kuvuka hadi Unguja kisha Dar es Salaam, na tunajua nauli yake na usiku wake.

Tumeulizwa sana kifaa kinawekwaje. Tutaeleza, ili mkikiona mjue kimewekwa sawa au kimewekwa ovyo, si ili mkaweke wenyewe.

Shika sikio lako la kushoto. Pitisha kidole juu kidogo ya tundu ya sikio, utakuta ukingo unaotokea mbele na kuingia ndani ya bakuli la sikio. Juu ya ukingo huo kuna kibonde chembamba, kinaingia ncha ya kidole cha mwisho tu. Ni hapo. Mwaka 2002 wapasuaji wa maiti huko Ujerumani walichunguza masikio 14, na katika kila moja kibonde hicho kilikuwa kinalishwa na tawi la vagasi peke yake. Kwengine sikioni mishipa inachanganyika, au ni mwingine kabisa kama kwenye ndewe. Ukiteleza nusu sentimita unatia umeme mshipa mwingine, mtoto anasikia mnyeo, mzazi anaridhika, na kazi haifanyiki. Kushoto kumezoeleka kwa sababu tawi la kulia la vagasi ndilo lenye mkono mkubwa zaidi kwenye kituo kinachopangia moyo mapigo.

Ngozi inafutwa kwa spiriti na kuachwa ikauke. Hapa kuna kosa la kwetu hasa: watoto wetu wanapakwa mafuta ya nazi kichwani na masikioni. Mafuta yanazuia umeme usipite sawasawa, unatafuta vitundu viwili vitatu visivyo na mafuta na kupenya hapo wote, na mtoto anaruka kama kachomwa sindano. Mama anasema mashine mbovu, kumbe ni mafuta. Herini zinavuliwa. Kiguso, yaani ncha ya mashine inayogusa ngozi, kinatiwa tone la jeli, na jeli ikikauka katikati ya dakika tano mchomo ule ule unarudi. Jeli ikizidi nayo inatambaa hadi sehemu nyingine ya sikio na umeme unaifuata.

Mashine ina mipangilio mitatu. Mapigo kwa sekunde: tafiti nyingi za sikio zinatumia 20 hadi 30. Upana wa kila pigo: mikrosekunde 200 hadi 300. Nguvu: inaanzia sifuri, inapandishwa polepole hadi mtoto aseme anasikia kitu kinatembea, na inaachwa chini ya maumivu. Kwa kawaida ni miliampea chache tu. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kueleza, basi atazamwe uso: akikunja kope au akipeleka mkono sikioni, ishushwe. Nguvu ya jana si nguvu ya leo, kwa sababu ngozi yenye jasho na ngozi kavu hazipitishi sawa, kwa hiyo kila siku inaanzwa sifuri. Mashine za namna hii hutumia betri, nyingi ya volti 9. Iwe ya betri au ya kuchaji, mtoto asivalishwe ikiwa imechomekwa ukutani.

Kisiwekwe kabisa kwa mtoto mwenye hitilafu ya mapigo ya moyo, mwenye kifaa chochote cha umeme mwilini, au mwenye kidonda au usaha sikioni. Mwenye historia ya degedege au kuzirai aonwe kwanza na daktari. Mapigo ya moyo yapimwe kabla na wakati wa mara ya kwanza, na mtoto akisikia kizunguzungu kinazimwa. Yanayotokea zaidi kwa wanaotumia kifaa cha sikioni ni wekundu wa ngozi, maumivu ya sikio na kichwa kuuma. Wekundu ukibaki hadi kesho yake, siku hiyo inarukwa.

Na tuseme wazi kuhusu hivi vya mtandaoni vinavyouzwa na picha ya sikio na maneno ya kutibu kila kitu. Hakuna kifaa cha sikioni kilichoidhinishwa kutibu sindromu ya nefrotiki. Fedha hizo nunueni vijiti vya kupimia mkojo. Kinachotutisha zaidi ya fedha ni mzazi kuanza kifaa na kuacha predinisoloni siku ile ile. Mwili uliokunywa dawa hiyo wiki nyingi umeacha kutengeneza homoni yake ya kukabili dhiki. Ikikatwa ghafla, homa ndogo au kuharisha kidogo kunaweza kumuangusha mtoto: presha inashuka, sukari inashuka, analegea. Wale saba wa New York walikitumia chini ya madaktari wao. Kifaa hakichukui nafasi ya kidonge.

Kuna njia nyingine ya umeme wa juu ya ngozi ambayo imetumika zaidi kwa watoto na pengine iko karibu zaidi nasi, ingawa inagusa kibofu, figo zikifaidika baadaye. Mtoto anayekimbilia chooni ghafla, anayejikojolea mchana, anayebana mkojo kwa kupishanisha miguu, kibofu chake kinajikaza kisipotakiwa. Mkojo unaweza kurudi juu na kuleta maambukizi, na maambukizi ya kurudia yanaacha makovu kwenye figo. Vibandiko viwili vinawekwa chini ya kiuno, kushoto na kulia mwa mfupa wa nyuma ulio juu ya makalio, mapigo 10 kwa sekunde, dakika 20, mara tatu kwa wiki, hadi mara 20. Lakini hapa Pemba mtoto wa namna hiyo swali la kwanza ni kichocho. Damu inayotoka mwisho wa mkojo, anaoga mtoni au anavuka bonde la mpunga, basi apewe prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo kwanza. La pili ni choo kigumu: utumbo uliojaa unakisukuma kibofu, na bila ya kuulainisha umeme haufui dafu. La tatu, walimu, ni ruhusa ya kwenda chooni na choo chenye maji. Mtoto anayezuia mkojo kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana anafundishwa ugonjwa.

Sasa mkojo wa asubuhi, kwa sababu mezani tumeweka vifaa.

Kila mtoto mwenye maradhi haya awe na daftari lake. Kila siku: tarehe, uzito, alama ya protini, dawa aliyokunywa, na neno moja kama ana homa au kikohozi. Mkojo uwe ule wa mwanzo anapoamka, kwa sababu baadhi ya watoto wazima wanavuja protini kidogo wakishasimama na kucheza, na ukipima mchana utaogopa bure. Kijiti kinachovywa mara moja, kinafutwa ukingoni mwa kopo, kinasubiriwa sekunde 60 na kusomwa kwenye mwanga wa nje, si chini ya taa ya njano. Alama moja ni takriban miligramu 30 kwa desilita, mbili ni 100, tatu ni 300. Alama tatu kwa siku tatu mfululizo, ugonjwa umerudi: njoo siku hiyo ya tatu, usingoje uso ufure. Hakuna kitu, au rangi hafifu tu isiyofika alama moja, kwa siku tatu mfululizo, ugonjwa umelala, na kwa aliyerudiwa hapo ndipo daktari anapoanza kushusha dawa. Mafua ya kawaida yanaweza kupandisha alama moja au mbili na zikashuka zenyewe, kwa hiyo siku tatu zina maana yake. Kichocho nacho kinaweza kutoa alama moja au mbili pamoja na damu bila ya uso kufura.

Vijiti vinaharibika kwa unyevu, na sisi tumezungukwa na bahari. Kopo lake lina kizibo chenye kemikali ya kunyonya unyevu. Likiachwa wazi usiku mmoja wa masika, vijiti vinabadilika rangi kabla havijaguswa na mkojo. Kizibo kirudishwe mara tu kijiti kinapotoka, mikono iwe mikavu, kopo lisikae chooni wala kwenye friji. Na kopo la mkojo lisioshwe kwa dawa ya kuulia vijidudu, maana baadhi yake hukipa kijiti rangi ya protini isiyokuwepo.

Vijiti vikiisha, na Kojani au Fundo vinaweza kuisha boti zikiwa zimekwama kwa upepo, kituo chochote chenye bomba la kioo na moto kinaweza kupima. Muuguzi atawaonyesha sasa hivi, sogeeni. Bomba linajazwa theluthi mbili kwa mkojo. Linashikwa chini kwa kibanio, mdomo wake umeelekezwa ukutani na si kwa mtu, na moto unapigwa sehemu ya juu tu, ili mkojo wa chini ubaki wa kulinganishia. Ukianza kuchemka, tazameni juu. Ukibaki maji, hamna kitu. Ukiingia wingu, msiseme bado ni protini: tieni matone matatu ya siki nyeupe. Wingu likiondoka, ilikuwa chumvi za kawaida za mkojo. Likibaki, au likizidi na kushikana kama ute wa yai lililochemka, ni protini, na unene wake unaandikwa daftarini: wingu jepesi, wingu zito, au mabonge. Bomba la kwanza ni mkojo wa mtoto mzima, la pili ni wa mtoto ambaye mama yake ametuidhinishia tuutumie. Watoto wakae nyuma ya meza kidogo, moto huo.